Mswaki wa mti na fizi zinazotoka damu

Ndugu msomaji, tuseme ni asubuhi. Umechukua kopo la maji, umekwenda nyuma ya nyumba, umepiga mswaki. Unatema mate chini. Mate ni mekundu. Unautazama mswaki wako, nao una damu.

Utafanya nini? Watu wengi hufanya jambo moja. Huuweka mswaki kando. Husema, "Mswaki huu ni mgumu, umenichubua. Nitapumzika mpaka fizi zipone." Wiki inapita, mwezi unapita. Damu haikomi. Kinywa kinaanza kunuka. Jamaa wanasogeza vigoda nyuma kidogo wakati wa mazungumzo, ingawa hakuna anayesema neno. Miaka inapita, na siku moja jino la mbele linacheza. Mtu anatafuna ugali kwa upande mmoja. Ukimwuliza, anajibu, "Ni uzee." Kumbe ana miaka 45.

Leo tuzungumze juu ya fizi. Tuzungumze pia juu ya mti mmoja ambao wataalamu wameuchunguza sana kwa sababu ya ugonjwa huu. Tutaona mti huo unaweza kufanya nini. Tutaona pia mambo ambayo hauwezi kuyafanya, maana huko ndiko watu wanakopoteza meno.

DAMU INATOKA WAPI?

Pitisha ukucha wako juu ya jino, pale jino linapokutana na ufizi. Utapata utando laini, mweupe au wa manjano. Utando huo ni ukoga. Usidhani ni mabaki ya chakula tu. Ukoga umejaa vijidudu wengi sana, wadogo mno, wasioonekana kwa macho.

Ukoga ukikaa bila kusafishwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha. Huwa mgumu kama jiwe. Rangi yake huwa ya manjano au ya kahawia. Sasa unaitwa ugaga. Ukoga unatoka kwa mswaki. Ugaga hautoki kwa mswaki wa aina yoyote, wa dukani au wa mti. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Vijidudu walio katika ukoga hutoa sumu. Sumu hiyo huuchokoza ufizi. Mwili nao hujihami. Hupeleka damu nyingi mahali pale ili kupigana na adui. Kwa hiyo ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na laini. Ukiugusa kidogo tu, unatoka damu. Kwa hiyo usiulaumu mswaki. Damu ile inakuambia kwamba mahali hapo pamekaa ukoga siku nyingi. Ukiacha kusafisha, unawaachia adui nyumba.

Ugonjwa ukiwa katika hatua hiyo, unapona kabisa. Safisha pale panapotoka damu, polepole, kila siku, na damu itaanza kupungua katika muda wa wiki moja au mbili.

Hatua ya pili ni mbaya. Ufizi unaachana na jino. Panatokea mfuko mdogo kati ya ufizi na jino. Vijidudu wasiopenda hewa hujificha humo ndani, na mswaki hauwafikii. Polepole mfupa unaolishika jino unaliwa. Fikiri juu ya nguzo ya nyumba. Nguzo inaweza kuwa nzima, haina mchwa wala ufa. Lakini udongo ukichimbwa kuizunguka, itaanguka tu. Jino la mgonjwa wa fizi ni hivyo hivyo. Ukilitazama ni zima, halina tundu. Linang'oka kwa sababu mfupa umekwisha.

Na mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Jino lenye tundu humfanya mtu asilale usiku, akatafuta tiba hata kama mvua inanyesha. Fizi huliwa kimya kimya.

JE, NI UZEE?

Katika miaka ya 1980, wataalamu wa meno walikwenda Machakos, Kenya, kwa wakulima kama sisi. Walichunguza vinywa vya watu 1131, wa miaka 15 hadi 65. Karibu kila mahali walikuta ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Lakini mfupa ulioliwa sana haukuwa katika kila kinywa. Ulikuwa kwa baadhi ya watu tu, na kwa watu hao, katika baadhi ya meno tu. Kwa hiyo uzee peke yake haung'oi meno. Wako wazee wengi wanaotafuna mahindi ya kuchoma mpaka leo.

MTI ULIOLIPA JINA LAKE

Jina "mswaki" tumelipata kutoka lugha ya Kiarabu. Kabla ya kuwa jina la kile cha plastiki, lilikuwa jina la kijiti cha kutafuna, na la mti wenyewe. Mti wa mswaki hupenda nchi kavu. Hapa Tanzania unaota sehemu kama Dodoma, Same na mbuga za Wamasai. Wachuuzi huuza vijiti vyake katika masoko ya mijini, vimefungwa kwa mafungu. Wazungu wengine huuita mti wa haradali, kwa sababu ladha yake ni kali, inapanda puani.

Ukali huo ndio habari yetu ya leo.

Chukua papai lililoiva. Toa mbegu moja, uitafune. Mwanzoni husikii kitu. Ghafla ulimi unawaka. Kwa nini haukuwaka mara moja? Kwa sababu ndani ya mbegu mna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali, kama ndugu waliogombana. Ukitafuna, unavunja kuta zilizovitenga. Vinakutana, na papo hapo kinazaliwa kitu cha tatu, chenye ukali. Jina lake ni refu: benzili aisothayosayaneti. Usihangaike nalo. Hata wasomi hulisoma mara mbili. Sisi hapa tutakiita "ukali wa mswaki", maana kitu hicho hicho kimo katika mzizi wa mti wa mswaki, nacho huzaliwa unapoutafuna.

Watafiti wa chuo cha Karolinska, nchini Sweden, waliupima mzizi huo. Mwaka 2008 waliwalisha vijidudu wa kinywani chakula chao katika visahani, wakawaacha waote. Kisha wakaweka vipande vya mswaki juu ya visahani, bila kuwagusa vijidudu. Vijidudu wa ugonjwa wa fizi walizuiliwa hata hivyo. Ilionekana kwamba kuna kitu kinachotoka katika mzizi na kusafiri hewani, kama harufu ya kitunguu inavyokuliza macho kabla hujakionja. Mwaka 2011 walitoa jibu. Kitu hicho ni ule ukali. Uliwaua upesi vijidudu wa aina fulani, wakiwamo wawili wanaojulikana sana kwa kula mfupa wa meno. Vijidudu wa aina nyingine waliathirika kidogo tu.

Miti mingine nayo imepimwa. Mwaka 1990 wataalamu walipima maji yaliyokamuliwa katika miti inayotumiwa kama mswaki nchini Kenya. Vijidudu wa fizi hutoa maji ya kuyeyushia nyama ya ufizi, ili wapate chakula. Dawa ya miti ile ilizuia maji hayo yasifanye kazi yake. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vijiti vya Tanzania, na mmoja wa miti hiyo ni mdaa, ule ambao mizizi yake hutiwa rangi ukindu. Nao ulionekana kuwa na nguvu juu ya baadhi ya vijidudu wa kinywani.

Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1980, liliunga mkono kijiti cha mswaki kitumike mahali ambapo watu wamekizoea.

KISAHANI SI KINYWA

Hapa tusimame kidogo, ndugu msomaji. Wako watu wakisikia habari kama hii, kesho yake wanauza chupa sokoni: "Dawa ya fizi, imethibitishwa Ulaya!" Usitoe pesa yako.

Katika kisahani kijidudu hana pa kukimbilia. Katika kinywa mate yanaisafisha dawa kila dakika. Ukoga nao ni mzito, na vijidudu wa ndani wamefunikwa na wenzao wa juu. Kwa hiyo ukali wa mswaki unaweza kusaidia tu pale nyuzi za kijiti zinapoukwangua ukoga. Kazi kubwa hufanywa na kusugua. Dawa ya mti ni msaidizi.

Yako mambo matatu ambayo ukali huo hauwezi. Hauwezi kuuyeyusha ugaga. Hauwezi kuufikia mfuko mrefu chini ya ufizi. Hauwezi kuurudisha mfupa ulioliwa. Mtu mwenye jino linalocheza akitafuna mswaki mwaka mzima bila kwenda kwa tabibu, atalipoteza jino lake huku anatafuna.

Jambo jingine. Kijiti hakina floridi ya kutosha, ile dawa ya kukinga meno yasitoboke, iliyomo katika dawa nyingi za meno za dukani. Kama unayo dawa hiyo, hakuna ubaya kuipaka kidogo juu ya kijiti.

KWETU BIHARAMULO NA NGARA

Huku kwetu mvua ni nyingi kuliko Dodoma, na misitu yetu ni ya miombo. Mti wenyewe wa mswaki si wa kwetu. Lakini wazee wana miti yao, kila kabila na jina lake: Wasubi, Wahangaza, Wasukuma, Waha. Ukihitaji kijiti, waulize wazee wa hapo hapo kijijini mti ambao wao na wazazi wao wameutumia miaka mingi. Mti ambao huujui, usiutie kinywani. Utazame hasa mnyaa, ule wenye matawi kama vidole na utomvu mweupe, unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Utomvu wake huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kulipofusha.

Usiseme kwamba kila mti mchungu ni dawa ya fizi kwa sababu mswaki ni mkali. Na mbegu za papai tulizozitaja ni za kujifunzia tu. Usizisugue kwenye fizi. Zitaunguza.

NAMNA YA KUTUMIA KIJITI

Kata kijiti chenye unene wa kidole kidogo na urefu wa shibiri moja. Kiwe kibichi. Kikiwa kimekauka, kiloweke katika maji safi, maana kikavu huchubua. Menya ganda la ncha moja, urefu wa upana wa kidole. Tafuna ncha hiyo mpaka nyuzi zifunguke na kuwa laini kama brashi. Usiharakishe. Ncha isiyotafunwa vizuri ni kama msumari.

Sasa anza kwenye ufizi na uvute kuelekea ncha ya jino. Meno ya juu, vuta kushuka. Meno ya chini, vuta kupanda. Usisugue kwa nguvu kwenda kushoto na kulia kama mtu anayepasua mbao. Huko Saudi Arabia, ambako watu wengi hutumia mswaki wa mti, uchunguzi ulionyesha kwamba fizi za watumiaji wengi zilikuwa zimerudi nyuma, na mizizi ya meno imebaki wazi. Mti haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mkono.

Watu wengi husafisha meno ya mbele tu, kwa ajili ya kucheka. Upande wa ndani, unaoguswa na ulimi, husahauliwa, na hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Gusa hapo kwa ulimi wako sasa hivi. Ukisikia ukuta wenye mikwaruzo, huo ni ugaga.

Tumia dakika tatu hadi tano, asubuhi na kabla ya kulala. Kila siku kata ile ncha ya jana na utafune mpya. Kila mtu awe na kijiti chake.

Ukiwa na mswaki wa dukani wenye brashi laini, ni sawa pia. Usione haya kwa kutumia kijiti, wala usijivune kwa kutumia plastiki. Fizi zinauliza jambo moja tu: ukoga umetoka?

Kama fizi zinawasha, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nusu kijiko cha chai katika bilauri moja inatosha. Kisha tema. Usifungue vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye ufizi. Baadhi ya vidonge hivyo huharibu meno ya mtoto aliye tumboni, na vijidudu huvizoea, hata siku unapovihitaji kwa homa kali visikusaidie.

TUMBAKU HUFICHA UGONJWA

Biharamulo kuna wakulima wa tumbaku. Ni zao la kuuza, na hatuna ugomvi na shamba la mtu. Lakini anayeivuta asikie neno hili. Moshi wa tumbaku huibana mishipa midogo ya damu katika fizi. Kwa hiyo fizi za mvutaji hazitoki damu sana, hata kama ni wagonjwa. Anatema mate meupe, anafurahi, na huku mfupa unaliwa upesi kuliko wa asiyevuta. Ishara yetu ya kwanza, damu, kwake imezimwa. Mvutaji asingoje damu. Aende achunguzwe. Na ugoro unaowekwa kati ya mdomo na ufizi huuchoma ufizi pale pale unapokaa, na unaweza kuleta saratani ya kinywa.

Kisukari nacho hufungua mlango. Mwenye kisukari ambacho hakijatulizwa huugua fizi zaidi, na fizi zilizooza huifanya sukari yake ipande. Mama mjamzito naye huweza kuona fizi zinavimba na kutoka damu kuliko zamani. Asiogope, na asiache kupiga mswaki. Asiyekula matunda wala mboga kwa miezi mingi naye hutoka damu, na dawa yake iko kwenye mpera na mpapai. Lakini fizi zikioza ghafla, zikiuma na kunuka vibaya, kwa mtu wa umri wowote, huweza kuwa dalili kwamba mwili umepoteza nguvu ya kujikinga. Mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, apimwe na damu.

UKIFIKA KWA TABIBU

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokaa katika vikundi kuzunguka redio. Tulijifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara. Meno hayakuwamo. Labda ndiyo sababu mpaka leo wengi wetu tunajua tiba moja tu ya jino, yaani koleo.

Ipo tiba nyingine. Inaitwa kusafisha ugaga. Tabibu wa meno ana vyombo vya chuma, au mashine, vya kuubandua ugaga juu ya jino na chini ya ufizi. Halichimbwi jino wala halikatwi. Damu itatoka kidogo, na siku chache meno yatasikia baridi. Baada ya hapo ufizi unalishika jino tena, na hapo ndipo mswaki wako, wa mti au wa duka, unapopata nafasi ya kuulinda. Katika zahanati huenda kazi hii isiwepo. Mwombe mganga akuandikie barua ya kwenda kwa tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya, na uulize siku anazopatikana kabla hujalipa nauli kutoka Nyakahura au Kalenge.

Ukifika, usiseme tu, "Ling'oe, limenichosha." Jino lililolegea kidogo huweza kuokolewa. Mwambie hivi: "Fizi zangu zinatoka damu. Naomba uzitazame zote, na kama kuna ugaga, unisafishe." Mwambie pia kama unavuta tumbaku, kama una kisukari au una mimba, na dawa zozote unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Chukua na kijiti chako, akuonyeshe kwa mkono wake namna ya kukivuta.